Utani wa Matangani: Uhakiki wa Filamu ya "Dead Men Don't Wear Plaid"

Aliyewahi kuhudhuria maziko ya Mhehe mahali penye watani wake Wangoni amekwisha kuona jambo ambalo mgeni hulidhania kuwa ufidhuli. Mtani hufika akalia kwa sauti kuwapita wafiwa, huiga mwendo na usemi wa marehemu, na pengine hujilaza kaburini asitoke mpaka apewe chochote. Ruhusa hiyo hapewi mpita njia. Hupewa mtu ambaye watu wake na watu wa marehemu wamejuana tangu karne ya 19, tena wamejuana kwa vita. Nimeanza na utani kwa sababu sioni neno jingine la Kiswahili linalokaribia zaidi aina ya kichekesho tutakachokihakiki hapa. Dhihaka na kejeli zaweza kufanywa na adui yeyote. Kuiga kwa kuchekesha, kukaiga hata kitweo cha sauti, hakuwezekani pasipo kujuana.

Filamu yenyewe inaitwa "Dead Men Don't Wear Plaid", yaani wafu hawavai nguo za mirabaraba. Ilitengenezwa Marekani ikaonyeshwa mwaka 1982, chini ya uongozi wa Carl Reiner, aliyeiandika pamoja na George Gipe na Steve Martin. Martin ndiye Rigby Reardon, mpelelezi wa kukodiwa, naye Rachel Ward ni Juliet Forrest, binti wa mwanasayansi aliyefariki katika ajali ya gari yenye mashaka. Kinachochekwa ni filamu za upelelezi za miaka ya 1940, za rangi nyeusi na nyeupe, zilizochota sana katika riwaya za Dashiell Hammett na Raymond Chandler.

Mwanafunzi asimchanganye mpelelezi wa ukoo huo na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Tangu "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960), Bwana Msa huvuta kiko chake akawaza hata fumbo likafumbuka. Jamaa yake wa karibu ni Sherlock Holmes. Mpelelezi wa Chandler hupigwa, hulewa, hulaghaiwa na mwanamke anayempenda, na mwisho wa kisa fumbo hubaki limefumbuka nusu. Hammett aliyajua hayo kwa karibu, maana kabla ya kushika kalamu aliwahi kuwa mpelelezi wa shirika la Pinkerton.

Sasa tuitazame fani, kwa kuwa ndimo utajiri wa filamu hii ulimo. Reiner hakuridhika kuwaiga wachezaji wa zamani, aliwaleta wenyewe. Vipande vya filamu zaidi ya 15 vimekatwa na kushonwa ndani ya filamu mpya. Humphrey Bogart wa "The Big Sleep" (1946) anakuwa msaidizi wa Reardon. Alan Ladd wa "This Gun for Hire" (1942) anaingia na bastola. Barbara Stanwyck wa "Sorry, Wrong Number" (1948) anapiga kelele katika simu, na upande wa pili wa simu hiyo sasa yuko Reardon. Yawezekanaje? Filamu za wakati ule zilipiga picha mazungumzo kwa zamu: kamera humtazama msemaji mmoja, kisha humgeukia mwenzake. Ukimwondoa huyo mwenzake, pengo hubaki, na mtu mwingine aweza kukaa humo, mradi taa zimulike kutoka upande ule ule, ukuta wa nyuma ufanane, na macho yatazame mahali panapostahili. Mshono unapoelekea kuonekana, waandishi huugeuza mzaha: kwa kuwa Bogart hana tai katika baadhi ya vipande, Reardon humkaripia kila mara kwa kutovaa tai.

Fundi wa kazi kama hiyo hapatikani ovyo. Mavazi yalibuniwa na Edith Head, aliyekuwa amewavika wengi wa wachezaji hao katika ujana wao. Alifariki Oktoba 1981, na filamu imetolewa kwa heshima yake. Muziki ulitungwa na Miklós Rózsa, yule yule aliyetunga ule wa "Double Indemnity" (1944) na "The Killers" (1946). Basi waliokuja kumcheka marehemu ni watu waliomshonea nguo na kumwimbia.

Hata hivyo kuna swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza. Bogart alifariki mwaka 1957, Ladd mwaka 1964. Hawakuulizwa. Maneno waliyoyasema katika msiba yamegeuzwa jibu la upuuzi. Je, hiyo si kuwadhulumu wafu? Naona jibu limo katika jambo moja: katika vipande vile, wao hawachekeshi. Bogart anabaki na uzito wake wote, na kila wanapokutana, anayeonekana mdogo ni Reardon. Mtani amejilaza kaburini, lakini hakumvua marehemu sanda.

Tena filamu inayajua maradhi ya wale inaowacheka. Kisa chake cha Wanazi, jibini na orodha mbili za majina hakifuatiki, kama vile kisa cha "The Big Sleep" kilivyowatatiza watazamaji wengi. Reardon anapandwa na wazimu kila asikiapo maneno "mwanamke wa kufagia", eti kwa sababu baba yake alitoroka na mwanamke wa namna hiyo; huo ni mzaha juu ya filamu zilizokuwa na desturi ya kueleza kila uovu kwa jeraha moja la utotoni.

Panapopwaya ni juu ya wanawake. Juliet anapozirai, Reardon anampapasa kifua kisha anatoa udhuru wa kipuuzi. Hapo haigwi mtu wala filamu yoyote. Ni utovu wa adabu uliovishwa kofia ya mpelelezi. Filamu za zamani zilimwogopa mwanamke, zikamfanya nyoka, na woga huo ulistahili kuchekwa.

La ajabu ni kwamba filamu ilikwisha kuonyesha njia. Ili amnase Fred MacMurray wa "Double Indemnity", Reardon anavaa nywele za bandia za rangi ya dhahabu na kujifanya mwanamke. Mwalimu na awaonyeshe wanafunzi kwanza "Double Indemnity" nzima, wamsikie MacMurray akimbembeleza Stanwyck, ndipo awaonyeshe kipande hiki. Watamsikia akibembeleza kwa sauti ile ile, asijue kwamba aliye mbele yake sasa ni mwanamume aliyevaa nywele za dukani.