Kuyeyuka, Kumumunyika na Kukakamaa

Imepita mikononi mwetu, kwa ukaguzi wa istilahi, rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa mashine za kuchapisha vitu vya plastiki. Imekusudiwa mafundi wa Geita na Kahama wanaotengeneza vipuri vya pampu za wachimbaji wadogo. Mashine hizi si ngeni nchini. STICLab ya Dar es Salaam imewahi kuziunda kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki. Kiswahili cha rasimu ni safi. Dosari yake kubwa ni kwamba neno kuyeyuka limebebeshwa dhana zisizofanana.

Wasomaji wa ukanda wa dhahabu ndio hasa watakaopotoshwa, kwa kuwa kwao neno hilo lina mizigo miwili tayari. Katika matangi ya sayanidi dhahabu husemwa kuwa "inayeyuka" ilhali hakuna moto. Sayanidi na oksijeni ndizo zinazoitwaa na kuiingiza majini. Baadaye, ikiisha kupita kwenye kaboni na elusheni, hiyo hiyo "huyeyushwa" tanuruni kwa joto linalozidi sentigredi 1064. Jambo la kwanza shuleni huitwa kumumunyika, wala hatuoni sababu ya kuliacha neno hilo. (Elusheni ni neno la kigeni, lakini halimsumbui mtu mialoni, kwa sababu lina kazi moja tu.)

Sasa rasimu inaongeza mzigo wa tatu. Inadai kwamba plastiki ya PLA "huyeyuka" kwenye sentigredi 60. La hasha! PLA huyeyuka karibu na 170. Kwenye 60 huacha ugumu wake na kuanza kupindika. Fundi atakayetega mashine kwenye 60 hatapata kitu ila mdomo ulioziba. Naye aliyeambiwa 170 peke yake atashangaa kukuta kipuri kimepinda ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani Shinyanga. ABS, kwa upande wake, haina kiwango cha kuyeyuka kabisa. Minyororo ya molekuli zake imetatizana ovyo, haijipangi kama fuwele. Hulegea karibu na 105, kisha huzidi kulegea kadiri joto linavyopanda.

Wako waliopendekeza "mpito wa kioo". Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno. Mwanafunzi atakitafuta kioo asikione. "Kiwango cha kulainika" kinavutia, lakini wahandisi wanacho tayari kipimo cha kulainika, cha sindano inayozama katika plastiki chini ya uzito. Sisi tunapendekeza halijoto ya kukakamaa. Dhahabu ikipoa huganda. ABS hukakamaa tu.

Kwa sababu hiyo hiyo tunakataa usemi wa rasimu kwamba matabaka "hugandishwa" moja juu ya jingine. Tabaka jipya likiwa bado na moto, minyororo yake hutambaa na kuingia katika tabaka la chini, mfano wa nyoka, kama Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alivyoueleza mwendo wa minyororo hiyo mwaka 1971. Joto likishuka chini ya halijoto ya kukakamaa kabla minyororo haijafika mbali, kipuri hupasuka pale pale palipoungwa. Kusukana lingefaa zaidi.

Rasimu imerudishwa kwa mtafsiri. Jedwali lake la viwango vya joto linahitaji safu mbili mahali pa moja, na kwa ABS safu ya kuyeyuka iachwe tupu.