"Experience": neno moja ya Kiingereza yenye inatupotezea kazi

Kama unafuata matangazo ya kazi ku telefoni, hapa Goma, Bukavu ao Bunia, kuna neno moja ya Kiingereza yenye hautaikosa: "experience". ONG inatafuta mtaalamu wa kilimo, inaomba "experience". Wenye kulipia watu masomo ya inje, nao wanaomba "experience". Na sisi wenye tulisoma mu Kifaransa tangu masomo ya msingi tunafurahi, juu tunaona kama ni neno ya nyumbani. Si njo ile "expérience" yetu? Tunaondoa kamukazo kadogo pale juu ya herufi, tunatuma.

Kwangu mimi, ile furaha njo shida yenyewe. Neno ya Kiingereza yenye hatujue hata kidogo haituletee hasara mingi, juu tunafungua kamusi. Lakini neno yenye iko na sura ya ndugu yetu, nani ataenda kuitafuta mu kamusi?

Tuanze na vile Kifaransa inafanya. "Expérience" ya Kifaransa inabeba mizigo tatu ku kichwa kimoja. Mzigo wa kwanza ni ujuzi wenye mtu anapata kwa kufanya kazi muda murefu, ile tunaita uzoefu. Wa pili ni jambo fulani lenye lilikufikia siku fulani. Wa tatu ni jaribio, ile ya labo na ya shamba. Kiingereza ilibakisha mizigo miwili ya kwanza ku "experience". Ule wa tatu iliupa neno ingine: "experiment". Zamani, mbele mambo hayajatengana vizuri, hata Waingereza waliweza kusema "experience" wakimaanisha jaribio. Na yote mbili inatoka ku neno moja ya Kilatini yenye maana yake ni kujaribu, sawa vile "expert" nayo inatoka palepale. Lakini leo mipaka imewekwa, na mwenye kusoma barua yako kule Nairobi ao London hana habari ya Kilatini.

Sisi wa kilimo njo tunaumia zaidi. Chukua jumla hii, yenye inafanana na zile naonaka mu barua za wenzetu: "I made an experience on cassava during two seasons." Mwenye kuiandika anajua alifanya nini. Alipima shamba na kamba, akagawanya mu bloki, akapanda aina ine za mihogo, akarudilia mara tatu, akapalilia, akahesabu majani yenye ugonjwa wa mozaiki, akachimba, akapima kilo. Misimu miwili ya jua na matope. Msomaji wa Kiingereza anaona nini? Anaona mtu fulani alipatwa na jambo fulani mu mihogo. Labda aliteleza. Bloki hazionekane, marudilio hayaonekane, kilo hazionekane. Kazi ya sayansi imegeuka kuwa hadisi.

Jumla yenyewe ilipaswa kuwa: "I conducted a field experiment on cassava over two seasons." Ao "a field trial", juu watu wa kilimo wanapenda sana "trial" kwa majaribio ya shambani, karibu sawa na "essai" yetu. Na jaribio Waingereza hawai-"make": wana-"do", wana-"carry out", wana-"conduct". Tena ile "plan d'expérience" yenye ilitutesa mu somo la takwimu, usiandike "plan of experience", juu hapo utaonekana kama unapanga maisha yako. Ni "experimental design". Mwenye anafanya mashaka atazame kitabu cha Ronald Fisher, yule aliyefanya kazi ku kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kuanzia 1919. Njo yeye aliandika juu ya vile jaribio inapangwa, na kitabu chake cha 1935 kinaitwa "The Design of Experiments". Ku Rothamsted pale kuna shamba ya ngano, Broadbalk, yenye jaribio yake ilianza 1843 na ingali inaendelea. Waingereza wanaiita "experiment". Pamoja na miaka yote ile hawakuiita "experience".

Kuna na dada ya kosa hilo: "I am an experimented agronomist." Hapa tunatafsiri "expérimenté". Lakini kwa sikio la Mwingereza, "experimented" inafanya ufikiri kama ni wewe walikufanyia majaribio, sawa vile sungura ya labo. Sema "experienced", inatosha.

Sasa tuje ku hesabu, juu pale njo watu wengi wanaanguka, hata wenye kusema Kiingereza vizuri. "Experience" ya kazi haihesabike. Hapa Kiswahili inatusaidia kuliko Kifaransa. Hakuna mtu anasema "niko na uzoefu mbili". Uzoefu ni kama maji: unapima, hauhesabu. Maji unapima kwa bidoni, "experience" unapima kwa miaka. Kwa hiyo si "I have an experience of three years". Hiyo ni "une expérience de trois ans" yenye ilivaa kanzu ya kukopa. Ni "three years of experience", ao "three years' experience". Si "many experiences in agriculture", ni "a lot of experience in agriculture". Na ile kichwa tunaandika mu CV kwa herufi kubwa, "PROFESSIONAL EXPERIENCES", ondoa ile "s" ya mwisho.

Lakini usichome "s" yote. Mzigo ule wa pili, jambo lenye lilikufikia, wenyewe unahesabika. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ilitapika moto, kila mtu wa Goma alipata "an experience". Wale wenye walikimbilia Sake na watoto ku mgongo, wale wenye walivuka kuingia Rwanda, wote waliipata. Lakini hakuna kati yao alipata "experience" ya volkano ya kuandika mu CV, isipokuwa wale wenye kazi yao ni kuichunga. Ile "an" ndogo njo inatenganisha usiku mmoja na kazi ya miaka.

Na kosa hii inafanyika pia kwa upande mwingine. Mu fomu za masomo ya inje wanauliza: "Describe an experience that changed your thinking." Wenzetu wanajibu na orodha ya kazi: kutoka 2019 niko pale, kutoka 2021 niko hapa. Wanaulizwa jambo moja, siku moja, kile uliona na kile kiligeuka ndani yako. Wewe unawapa miaka. Wanasoma, wanaona hauna jibu, na kumbe jibu ulikuwa nayo tele.

Lawama yangu ingine naipeleka kwa zile karatasi za PDF za "maneno 500 ya Kiingereza" zenye zinazunguka mu magrupu yetu. Ku mstari wa "expérience" utakuta: experience, mkwaju, experiment. Mkwaju ule unamwambia mwanafunzi kwamba ni sawa tu, achague yenye anapenda. Afazali waondoe mstari wote kuliko kuuacha vile. Mashine ya kutafsiri nayo, ukiipa neno moja peke yake, haiwezi kujua kama unawaza ofisi ao shamba. Ipe jumla nzima, na bado uisome tena kwa macho yako.

Najua mtu ataniambia: "Weye unatusomesha s, na bale ba ONG banaomba miaka tano. S itanipa kazi?" Haitakupa. Shida ya kazi hapa kwetu ni kubwa kupita grama, sikatae. Lakini soma tangazo pole pole. Ikisema "work experience" ao "professional experience", wanataka kazi, na TFC yako haiingie pale hata uivalishe suti. Ikisema "relevant experience", maana yake ni uzoefu wenye kuhusu ile kazi, na hapo misimu yako miwili ya mihogo iko na nafasi, bila uongo. Andika: "I gained research experience by conducting a field experiment on cassava." Angalia vile maneno yote mbili yamekaa mu jumla moja bila kugombana, kila moja ku kiti chake: jaribio ulilifanya, uzoefu ukaupata.

Tena usiandike ulipata ile uzoefu "during my stage". "Stage" kwa Kiingereza ni ile ubao wanamuziki wanapanda kuimba. Yako ni "internship". Ile nayo itaomba siku yake.