Uzee na Tabaka katika The Thursday Murder Club

Riwaya ya Richard Osman, The Thursday Murder Club (2020), inasawiri maisha ya Coopers Chase, kijiji cha wastaafu wenye uwezo kilichojengwa penye makao ya zamani ya watawa huko Kent, Uingereza. Elizabeth, Joyce, Ibrahim na Ron hukutana kila Alhamisi kuchunguza mauaji ambayo polisi walishindwa kuyatatua. Kwa msuko huu mzee si kiumbe wa kuhurumiwa tena, bali ni mtenda. Shajara ya Joyce, inayopokezana na usimulizi wa nafsi ya tatu, inampa sauti yake mwenyewe.

Hata hivyo, kijijini humo mna Willows, jengo la wagonjwa mahututi. Humo amelala Penny, askari mpelelezi wa zamani aliyeanzisha kundi hilo pamoja na Elizabeth, naye hawezi kusema. Riwaya ya upelelezi huahidi jibu kwa kila fumbo. Fumbo la Willows halina jibu, na hapo ndipo kazi hii inapopata uzito wake.

Kasoro yake ni ya kitabaka. Osman anaishambulia waziwazi tamaa ya Ian Ventham, tajiri anayetaka kuyahamisha makaburi ya watawa ili ajenge nyumba zaidi. Lakini wanaopika na kufagia kijijini hawana shajara, na mzee fukara hana mlango wa kuingilia. Hivyo heshima ya uzee inajitokeza kama bidhaa kuliko haki, na mwandishi hakulihoji jambo hilo vya kutosha.