Silaha Isiyo na Mlio

Msomaji, huenda wadhani kwamba hapana vita pasipo moshi wa mizinga. Sinema ya Alex Gibney, Zero Days, ya mwaka 2016, yaonyesha vita vya namna nyingine. Yasimulia habari za Stuxnet, virusi vya kompyuta vilivyogunduliwa mwaka 2010, ambavyo sinema yavihesabu kuwa kazi ya Marekani na Israeli. Katika kiwanda cha Natanz, nchini Iran, vilivuruga mwendo wa mashine za kurutubisha urani hata zikaharibika, huku wasimamizi wakionyeshwa kwamba mambo ni shwari. Kisha vikaenea hata katika nchi zisizohusika.

Sifa ya sinema hii ni kueleza jambo gumu kwa subira. Dosari yake ni hii: shahidi aliyefichwa uso ni mwigizaji asemaye maneno ya watoa siri kadhaa, nasi twaambiwa hivyo karibu na mwisho. Alaumuye usiri asimfiche mtazamaji. Hata hivyo, onyo lake ni la kweli. Silaha isiyojadiliwa hadharani haiwekewi sheria. Na mkuki uliorushwa, adui aweza kuuokota. Itazame, nawe upime.