Ralanti ya Kweli na Ralanti ya Kukopa

Jumamosi iliyopita, pale wanapoegesha madereva wa pikipiki katika komini ya Kasuku, hapa kwetu Maniema, nilisikia watu wakimsifu kijana kwa kazi mbovu. Pikipiki ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyekaa Kasongo miezi minne. Ilisimama muda wote huo sebuleni, imefunikwa shuka. Aliporudi iliwaka kwa shida, na kila akiachia gazi inakufa. Kijana akashika turnevisi, akazungusha visi moja tu, pikipiki ikabaki inanguruma. Watu wakapiga makofi. "Huyu ndiye fundi!" Mwalimu akalipa akaenda zake.

Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale na moyo uliniuma. Ile haikuwa ralanti, yaani injini kukaa hai yenyewe ukiwa umeachia gazi. Ilikuwa gazi iliyoshikiliwa na visi mahali pa mkono.

Naandika haya kwa sababu kazi hii inaharibika mbele ya macho yetu, na wanaoiharibu wanapewa pongezi. Mwenye pikipiki ana haki ya kujua kama aliyemlipa ameponya au amefunika.

Tuanze na kilichotokea sebuleni kwa mwalimu. Esansi haikai kama maji. Sehemu yake nyepesi inaruka hewani, na ile nzito inabaki kwenye kikombe cha karbirateri inageuka utomvu wenye harufu ya vanishi. Ongeza kwamba mafuta yetu yanatoka kwenye fusto, yanaingia bidoni, yanaishia kwenye chupa ya kadafi, muuza esansi wa pembeni ya barabara, na mvua ya Maniema haichagui pa kuingia. Ule utomvu unatafuta tundu dogo kuliko yote, nalo ni la jikleri ya ralanti, kile kipande kidogo cha shaba kinachopimia injini esansi ukiwa umeachia gazi. Kwenye pikipiki nyingi za 125 tundu hilo halifiki nusu milimita. Zipo zenye thelathini na tano tu ya mia ya milimita. Jikleri kubwa itapitisha, ndiyo maana ukipiga gazi pikipiki inakimbia vizuri na mwenyewe anadhani shida ni ndogo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo asiye fundi halioni kamwe, na ambalo mimi nikimwona mtu analifanya namheshimu papo hapo, hata akiwa na miaka kumi na sita na mikono mitupu.

Karbirateri ya pikipiki nyingi za leo za taimu nne ina visi mbili za nje za kurekebisha ralanti. Moja inanyanyua buashi la gazi. Hiyo ndiyo aliyoizungusha yule kijana. Ya pili ni nyembamba, imejificha, mara nyingi imejaa udongo, nayo inapima mchanganyiko wa ralanti. Mpita njia anasikiliza kama injini inabaki hai. Fundi hasikilizi hivyo. Anaiwasha, anaiacha ipate moto, kisha anaifunga ile visi nyembamba polepole, kwa vidole viwili, hadi iguse mwisho bila kuibana. Kisha anangoja.

Injini ikiyumba na kufa, fundi anafurahi. Ina maana ilikuwa inanyonya mahali pake halali. Anaifungua tena ile visi zamu moja na nusu, au mbili, mbili na nusu, anawasha, akitafuta pale sauti inapopanda juu kuliko kote, halafu ndipo anashusha ile visi ya gazi. Injini isipojali, ikaendelea kunguruma kana kwamba hujaigusa, basi njia ya ralanti imeziba na pikipiki inaishi kwa chakula cha kuazima: inavuta esansi kupitia njia ya gazi iliyoachwa wazi kidogo. Hiyo naiita ralanti ya kukopa. Pikipiki inayokataa kufa kwenye jaribio hili haijapona, hata ikiimba namna gani.

Mzee aliyenifundisha kule Mikelenge alitufanya turudie jaribio hilo hadi vidole vijue vyenyewe. Mara ya kwanza nilishtuka. "Papa, mbona umeiua?" Akaniambia, "Kadogo, nilikuwa nauliza. Imenijibu." Hakuongeza neno, akafungua visi, akawasha tena. Nadhani nilikuwa fundi tangu siku ile, ingawa nilifagia gereji yake miaka mingine miwili.

Huyo mzee alijifunzia kwenye Yamaha DT na AG 100, zile za mapadre na maagronomu, zenye moshi wa buluu. Nazo zilimfundisha kosa moja alilolikiri mbele yetu sote. Kwenye zile za taimu mbili, visi nyembamba ipo upande wa filtri na inapima hewa: ukifungua, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kwenye nyingi za leo za taimu nne ipo upande wa injini na inapima esansi iliyokwisha kuchanganyika: ukifungua, unakuwa mzito. Alizungusha kinyume kwa wiki nzima zilipoanza kuja hizi mpya, hadi akakaa chini akatazama ilipo. Kwa hiyo kabla ya kumwamini fundi, muulize visi iko upande gani. Asipojua, chukua pikipiki yako.

  

Kusafisha jikleri nako kuna heshima yake. Nimewaona wanaochomoa uzi wa kebo ya breki, chuma kigumu, na kuusukuma katika tundu lile dogo la shaba. Tundu linapanuka. Siku hiyo pikipiki inawaka vizuri ajabu, mteja anashukuru, na tangu hapo inakunywa esansi na kuchafua buji hadi jikleri ibadilishwe. Mzee wetu alikuwa na uzi wa mshipi, ule mwembamba kuliko wote, alioupata kwa Wagenia wanaovua Lualaba. Alilaza jikleri ndani ya esansi safi usiku mzima, akapitisha uzi asubuhi, akapuliza kwa pompi ya baiskeli, kisha akaielekeza kwenye jua. Alitaka kuona duara lenye mwanga, bila unywele, bila kivuli. Chuma hakiingii kwenye jikleri. Sibishani na mtu juu ya hilo.

Wengine watakwambia umwage dawa kwenye tangi na utomvu utayeyuka wenyewe. Njia ikiziba kabisa, dawa itapita wapi? Lazima karbirateri ishuke, kikombe kifunguliwe, floteri itikiswe usikie kama imeingia mafuta, na zile njia ndogo ndani ya mwili wa karbirateri zipulizwe pia. Jikleri safi iliyorudishwa kwenye njia chafu itaziba tena kabla ya Jumapili.

Baada ya hapo, sikio. Piga gazi ghafla, achia. Sauti ikikawia juu kabla ya kushuka, kuna hewa ya wizi: mpira wa kati ya karbirateri na injini umepasuka, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyokaa, maana mpira usiotumika unakauka. Dondoshea maji kidogo. Sauti ikibadilika umepata mahali. Wapo wanaodondoshea esansi juu ya injini ya moto. Hao wasiguse pikipiki ya mtu. Sauti ikishuka chini mno kisha ikajivuta kupanda, mchanganyiko ni mzito. Ikishuka moja kwa moja na kutulia, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake, hapo pazuri. Kitabu kitakupa zamu karibu elfu moja na mia nne kwa dakika. Mimi napenda chini kidogo ya hapo, na nasema aliyezoea zaidi hajazoeza sikio lake.

Supapu nitazitaja kwa haraka: zikibana, injini itakaa vizuri baridi na kufa ikipata moto, na hapo karbirateri haina kosa. Zipimwe injini ikiwa baridi. Tazameni pia tundu la hewa la kifuniko cha tangi, kwa sababu nyigu wa udongo wanalipenda.

Kuhusu ulaghai, mmoja naujua vizuri kwa kuwa ulinipata mimi mwenyewe nikiwa kijana, nilipopeleka pikipiki ya mjomba wangu kwa fundi wa mji mwingine. Nilifika, injini inawaka, inatulia, nikalipa. Kesho yake alfajiri nilipiga kiki hadi jasho likanitoka. Alikuwa ameizungusha nusu saa kabla sijafika, na injini yenye moto inasamehe mengi. Tangu siku hiyo naweka kiganja karibu na silinda kabla ya kutoa franka. Ikiwa na moto, nasema nitarudi kesho. Kazi ya ralanti inahukumiwa saa kumi na moja asubuhi, kwa starteri, kiki mbili, dakika moja, starteri inarudishwa, na injini inabaki. Anayekataa kukungojea hadi alfajiri anajua kwa nini.

Na asiseme mtu kwamba hizi ni anasa za fundi. Daraja la kuvuka Lualaba hapa mjini hatuna. Anayekwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, anashusha pikipiki kwenye mteremko wa bandari ndogo, udongo umelowa, hadi kwenye mtumbwi. Pale unaachia gazi na kutegemea injini ikushike. Yenye ralanti ya kukopa haishiki, inakusukuma, na mbele yako ni mto.

Ndivyo ilivyompata mwalimu wetu siku ya Jumapili. Akaiangusha kwa makusudi upande wa kushoto ili isimpeleke majini. Jumatatu alirudi kwa yule kijana, naye kijana akashusha karbirateri, akachokonoa. Jumatano mwalimu akaniletea mimi, kioo kimevunjika. Nilifunga visi nyembamba hadi mwisho. Pikipiki ikaendelea kunguruma.

Jikleri mpya imewekwa, mpira umebadilishwa, na Alhamisi alfajiri iliwaka kwa kiki ya pili mbele ya mwenyewe. Nimemwambia, na wewe msomaji mwenye pikipiki ya kulala nakuomba ufanye vivyo hivyo: ukisafiri zaidi ya wiki mbili, funga robine ya esansi, iache injini ile kilichobaki kwenye kikombe hadi ife yenyewe, kisha fungua visi ya chini ya kikombe umwage matone ya mwisho.

Ile jikleri ya zamani ninayo kwenye kopo la vidonge. Ukiielekeza kwenye jua unaona tundu lake: upande mmoja ni duara, upande wa pili limekuwa yai.