Sikio la Mchungaji na Kiti cha Baraza: Uhakiki wa Mafunzo ya Uzamili katika Ushauri wa Kichungaji

Elimu ya ushauri wa kichungaji haiko mbali nasi tena. Mchungaji wa Nyanda za Juu Kusini aliyemaliza shahada ya kwanza ya theolojia, ambaye zamani pengine angelazimika kuvuka bahari ili asome zaidi, leo aweza kufunga safari ya Makumira. Karibu zaidi na nyumbani, Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanza katika miaka ya 1990 chini ya Tumaini na kupata hadhi yake ya sasa mwaka 2013, kinafundisha theolojia na pia saikolojia ya ushauri nasaha. Mbeya nako ndugu zetu Wamoraviani wana Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Tunamshukuru Mungu kwa milango hii. Lakini shukrani haituondolei wajibu wa kuhakiki kinachofundishwa ndani. Neno langu ni moja: mafunzo ya uzamili katika ushauri, kwa jinsi tulivyoyarithi, yanamwandaa mshauri asiye na kiti cha hukumu, hali mchungaji tunayemrudisha usharikani ndiye kwa kawaida mwenyekiti wa baraza la wazee.

Mapokeo mawili yametawala fasihi ya somo hili. La kwanza lina mizizi kwa Carl Rogers, ambaye (wengi husahau) alianza masomo yake ya juu katika seminari ya Union, New York, kabla ya kuhamia saikolojia. Rogers alifundisha kwamba mtu hupona akisikilizwa kwa unyofu, kwa kuheshimiwa bila masharti, na kwa msikilizaji kujaribu kuiona dunia kwa macho ya mwenye shida. Howard Clinebell, Mmethodisti aliyefundisha Claremont, aliyaingiza mafundisho hayo katika huduma ya kanisa kwa kitabu chake cha 1966, akiyapanua sana na kuyasahihisha hapa na pale. Toleo la 1984 ndilo lililoenea zaidi. La pili ni la Jay Adams wa seminari ya Westminster. Katika kitabu chake cha 1970 alikataa saikolojia isiwe mwalimu wa kanisa, akalishika neno la Kiyunani la Agano Jipya lenye maana ya kuonya, na kulifanya jina la njia yake yote.

Wanafunzi wangu hupenda kubishana juu ya hawa wawili, nami huwaacha wabishane, maana mjadala ni mzuri. Hata hivyo, naona wote wawili wanatuacha mahali pamoja. Mshauri wa Clinebell ni kana kwamba hana baraza kabisa. Ana chumba, ana viti viwili, ana saa ukutani. Mtu akitoka, mambo yake yamebaki chumbani. Adams, kwa upande wake, analijua baraza, tena analikumbatia: kwake ushauri na nidhamu ya kanisa ni mto mmoja unaotiririka kutoka Mathayo 18, na kwa sababu hiyo hapendi mshauri aahidi siri isiyo na mipaka. Wazee wengi wa sharika zetu, ambao hawajapata kulisikia jina lake, wangemwelewa mara moja. Ndiyo sababu namwogopa zaidi. Clinebell anamwacha mchungaji wetu bila mwongozo. Adams anambariki katika kosa ambalo tayari lina kasi miguuni mwake.

Nitasema kosa lenyewe, kwa kuwa nililitenda. Mwaka 2010, nikiwa mchungaji mchanga katika usharika mmoja wa nyanda hizi, mama mmoja mwanakwaya alikuja ofisini siku ya Alhamisi. Alikuwa amepimwa zahanati na kuambiwa kuwa ana virusi vya UKIMWI. Mume wake alikuwa kibaruani mbali, hajaambiwa. Nilimsikiliza jinsi nilivyofundishwa. Sikumkatiza, sikumhukumu, nilirudia maneno yake kwa upole, tukaomba. Niseme pia kwamba katika somo la ushauri nilikuwa nimepata A.

Baada ya majuma kadhaa baraza liliketi. Mzee mmoja akauliza kwa nini mama yule hajaonekana kwenye Chakula cha Bwana, na kama kuna jambo la kumwita. Nami, kwa nia ya kumkinga, nikasema: "Mwacheni, ana mzigo wake, mimi naujua." Ni hayo tu. Sikutaja ugonjwa. Lakini mwaka ule, katika kijiji kile, maneno "mzigo" na "mchungaji anaujua" yalitosha kabisa. Juma lililofuata habari ilikuwa kisimani. Mama hakurudi kwaya, wala kanisani kwetu.

Wakati ule Sheria ya UKIMWI ya 2008 ilikuwa imekwisha kumfunga mhudumu wa zahanati asitoe matokeo ya mtu. Mhudumu yule, kwa kadiri nijuavyo, alinyamaza. Aliyesema ni mimi.

Baadaye nilirudia daftari zangu za chuo nione ni wapi ningeonywa. Palikuwa na nusu ukurasa juu ya siri, nayo ilishughulika na majalada: yafungiwe kabatini, ufunguo ukae na mshauri. Lakini siri za watu wetu hazivuji kabatini. Sikuwa na jalada, wala kabati. Huvuja katika baraza. Huvuja katika ibada ya katikati ya juma, pale tunapotangaza haja za maombi na kumtaja dada yetu anayepita katika mambo mazito. Huvuja sebuleni kwa mchungaji, ambako mwenye shida hukaribishwa chai na watoto wakiingia na kutoka. Huvuja hata kwa ukimya, mtu anaporukwa anapogawa Chakula cha Bwana mwenyewe yule aliyeungamiwa. Haya hayamo katika vitabu vya Claremont wala Westminster. Tusiwalaumu waandishi wao kwa kutokijua kijiji chetu. Lawama inatuangukia sisi tunaofundisha, tunaokijua na hatukiandiki.

Uzito wa jambo hili katika eneo letu hauhitaji kutiwa chumvi. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliona maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima wa Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa 5.1. Dawa zimebadili mengi tangu hapo. Lakini mchungaji wa huku bado anasikia siri ambazo zikitoka huvunja nyumba.

Hapa hutokea pingamizi ambalo nimelisikia hata kwa wasomi: kwamba siri ni desturi ya Wazungu, na kwamba Mwafrika huponywa katika jumuiya, jambo likisemwa wazi. Pingamizi hili linastahili jibu la heshima, kwa maana nusu yake ni kweli. Monica Wilson, aliyeishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuandika juu yao kwa miongo kadhaa, alieleza jinsi hasira iliyofichwa moyoni ilivyoaminika kuleta ugonjwa katika ukoo, na jinsi ndugu walivyotakiwa kuitamka ili upatanisho uwe wa kweli. Mchungaji wa Rungwe asiyelijua hili atashangaa kwa nini mgonjwa wake haridhiki na maombi mpaka baba mdogo afike. Lakini hebu tumsome Wilson kwa makini. Walioketi kusikia hasira ile ni wale ambao ugomvi uliwahusu, jamaa wenye haki ya kusikia. Jumuiya ya wazee wetu, kwa hiyo, ilikuwa na mipaka ya masikio. Anayeitetea desturi ya Kiafrika ili aruhusu siri ya mwanakwaya ijadiliwe na wazee kumi na wawili wasio wa ukoo wake anatumia jina la desturi vibaya.

Sisi Walutheri, isitoshe, tuna mapokeo yetu ambayo tumeyaweka darini. Ungamo la Augsburg la 1530, katika makala ya kumi na moja, lilitaka ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja lisiachwe makanisani. Luther aliliwekea nafasi katika Katekisimo Ndogo. Kwetu maungamo yamekuwa ya jumla, Jumapili asubuhi, na mtu anayetaka kuungama peke yake hajui amwendee nani wala kwa utaratibu gani. Basi anakuja "kuomba ushauri". Anachokileta ni ungamo, sisi tunakipokea kama tatizo, na kwa kuwa ni tatizo tunalipeleka barazani litatuliwe. Nadhani hapa ndipo mafunzo ya uzamili ya chuo cha Kilutheri yangepaswa kutofautiana na ya chuo kingine chochote: mwanafunzi afundishwe kutambua ni wakati gani mtu anaungama, na kuelewa kwamba lililosikiwa katika ungamo halina mlango wa kuingilia barazani.

Mafunzo kwa vitendo hospitalini hayana budi kusifiwa hapa. Yalianzishwa Marekani mwaka 1925 na Anton Boisen, mchungaji aliyekuwa yeye mwenyewe amelazwa kwa ugonjwa wa akili, ambaye alitaka mwanafunzi wa theolojia amsome mgonjwa kwa bidii ileile anayoisoma vitabu. Katika nchi yetu KCMC, Moshi, ndiko yalikopata makao. Mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno na kuyaleta kwa wenzake wayapime. Ni njia bora kuliko mihadhara yangu yote. Ila ina hatari ambayo Boisen hakuwa na haja ya kuiwaza. Ukileta Iringa mazungumzo yako na "Mama M. wa Mufindi, mwalimu, mjane", kati ya wanafunzi wanane pana mmoja aliyemzika mumewe. Kubadili herufi ya jina hakutoshi. Kazi, kijiji na ukoo vibadilike pia, na karatasi zichomwe siku hiyohiyo mbele ya wote.

Siri nayo ina mwisho wake, na hili lifundishwe kwa uwazi uleule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwajibisha mwanajamii aliye na taarifa za mtoto kutendewa vibaya azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Mchungaji si mgeni katika jamii hiyo. Mwenye kusikiliza aliseme hili mapema, kabla mtu hajafungua moyo. Ndoa ni ngumu zaidi. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 mgogoro hupitia kwanza baraza la usuluhishi, na kamati ya jumuiya ya dini yaweza kupewa kazi hiyo. Likishindwa kupatanisha hutoa cheti chenye maoni yake, ndipo shauri liende mahakamani. Mke aliyenieleza usiku habari za kipigo, nikiketi kesho yake kuwa msuluhishi kati yake na mumewe, nitazisahau vipi? Na nikizikumbuka, ni nani aliyenipa ruhusa?

Pendekezo langu ni dogo. Mchungaji aliyemsikiliza mtu kwa faragha asiketi barazani shauri la mtu huyo linapojadiliwa. Mzee au mwinjilisti aongoze kikao, na mchungaji atoke bila kutoa sababu. Ili kutoka kwake kusiwe tangazo, azoee kutoka mara nyingine hata pasipo haja. Chuo nacho kimpime mwanafunzi katika jambo hili hasa. Tasnifu ya kurasa mia kwa Kiingereza juu ya huzuni iliyosemwa kwa Kibena inatuonyesha kwamba amesoma. Haituonyeshi atasema nini mzee akimwuliza habari za mwanakwaya.

Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba hili haliwezekani, kwa kuwa mchungaji mmoja ana mitaa mingi na wazee hawatakubali kuongoza bila yeye. Huenda. Basi jimbo liwe na mchungaji mmoja aliyesomea ushauri, asiye na usharika wala kiti barazani, ambaye mtu wa usharika wowote aweza kumwendea pasipo kujulikana kwake. Nimejibiwa kwamba watu hawatakuwa na nauli. Nauli ya basi kutoka Makete hadi Njombe, kwenda na kurudi, ni fedha kwa mkulima wa viazi. Lakini halmashauri ya jimbo iliyo tayari kumlipia mchungaji karo ya miaka miwili chuoni yaweza kuiweka nauli hiyo katika bajeti, chini ya kifungu kisichotaja jina la msafiri.