Si kila shambulio ni la ‘mtandaoni’

Wiki jana nilikuwa Voi. Fundi mmoja wa pampu za maji aliniambia kwa kujiamini: “Mwalimu, sisi wadukuzi hawatusumbui. Mtambo wetu hauko kwa mtandao.” Simlaumu. Lawama ni yetu wanahabari na watafsiri.

Tumezoea kuandika “shambulio la mtandaoni”. Istilahi hiyo ilifaa Julai 2023, jukwaa la eCitizen liliposongwa na maombi bandia, hata abiria wa SGR wakatatizika kukata tiketi. Lakini kiambishi tamati ‘-ni’ hapa chaonyesha mahali. Ukisema “mtandaoni”, umetaja uwanja wa vita. Asiyekuwa uwanjani humo atajiona salama.

Je, ni salama? Mwaka 2000 huko Maroochy, Australia, mtu aliyewahi kuajiriwa na kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka alitumia kompyuta na redio kuziamrisha pampu. Lita zipatazo 800,000 za uchafu zikamwagika mitoni na bustanini. Intaneti haikuhusika. Stuxnet nayo, iliyogunduliwa 2010, ilivuruga mashine za kurutubisha urani nchini Iran ambazo hazikuunganishwa na intaneti. Mashine zikiharibika, skrini ziliendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Tatizo la pili ni upungufu wa jina. Katika mtambo unaojiendesha, kihisi ni jicho na kompyuta ni ubongo. Vali, pampu na mota ni mikono, lakini mikono hiyo haina jina la jumla lililozoeleka. Napendekeza ‘kitekelezi’, kwa mfano wa ‘kihisi’.

Huku si kucheza na maneno. Maji ya Mzima yanayonywewa Mombasa hutoka Taita Taveta, na bomba la mafuta la kwenda Nairobi hupitia Maungu. Tukisema “shambulio dhidi ya vitekelezi”, fundi atajua alinde nini: athibitishe kila amri imetoka kwa nani, awe na kipimo cha kando cha kukagua kama vali imetii kweli, na abakishe gurudumu la kuifunga kwa mkono, lisilosikiliza kompyuta yoyote.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki mtandaoni.